Pindo la Zannuba

Ng'ombe wa Hajati Galila aliugua Jumatano asubuhi, na ilipofika adhuhuri kijiji kizima cha Kafr Saqya kilikwisha mjua aliyemwangusha. Ng'ombe mwenyewe hakuulizwa.

Alikuwa ng'ombe wa kuringia, tuseme kweli. Mweusi kwa mweupe, mnene, kiwele chake kikitikisika akitembea, maziwa yake yakishibisha nyumba mbili. Jumanne jioni alikula majani yake yote ya mahindi na kulamba beseni. Kulipokucha alikutwa kwenye kona ya zizi, kichwa chini, anatetemeka kama aliyemwagiwa maji ya baridi, na huo ni mwezi wa Agosti, mwezi ambao hata kuku wanahema. Machozi yanamtoka. Ute mrefu unaning'inia mdomoni. Walipomsukuma atoke, alichechemea mguu wa mbele wa kulia. Baada ya muda mguu ule ukawa mzima, akachechemea wa nyuma wa kushoto, na hilo ndilo lililowatisha watu kuliko homa yenyewe. Ugonjwa unaohama kutoka mguu hadi mguu, walisema, una akili, na chenye akili kimetumwa na mtu. Kisha akapiga magoti, akalala, akakunja shingo ubavuni. Hakuinuka tena.

Basi wakaanza kuhesabu nani alikuwa zizini Jumanne. Hawakuhesabu sana. Hajati mkono ulikuwa umemvimba, akamwita Zannuba aje amkamulie, na Zannuba alikuja na binti yake Rawhiya wa kubeba ndoo. Zannuba alikuwa mjane aliyeishi kwa kukamua ng'ombe wa watu na kusukasuka maziwa yao, halafu analipwa kwa kipande cha siagi au jibini. Ng'ombe wake mwenyewe hakuwa naye. Hilo peke yake, kwa watu wa Kafr Saqya, lilikuwa nusu ya ushahidi. Nusu ya pili aliitoa kwa mdomo wake. Alipoketi chini ya ng'ombe yule na kushika chuchu, alicheka akasema, "Hajati, hiki kiwele au mtungi?" Akasahau kusema mashaallah, neno la kukinga jicho la husuda.

Habari aliletewa na jirani yake Saadiyya, mwanamke aliyependa kuwahi na habari mbaya, akiwa bado na unga mikononi.

"Wanasema ni wewe, Mama Rawhiya. Mimi nimewaambia hapana, huyu hana jicho, huyu ana mdomo tu."

"Ahsante, dada yangu. Umeniokoa kweli."

"Usinikasirikie mimi! Kasirikia ulimi wako. Harusi Alhamisi ijayo, na wewe unakwenda kuhesabu kiwele cha mama mkwe wa binti yako!"

Hapo ndipo palipokuwa na jeraha. Rawhiya alikuwa amechumbiwa na Bahgat, mwana wa mwisho wa Hajati Galila. Binti alikuwa na miaka ishirini na saba. Mchumba wa kwanza alikwenda Kuwait kutafuta pesa za harusi, akazipata, akaoa huko huko. Wa pili mama yake alimkataza. Huyu wa tatu alikuwa kijana mpole, mwenye kazi kwenye kinu cha mpunga, na alimpenda Rawhiya mpaka wenzake wakamcheka. Magodoro yalikwisha shonwa. Sufuria za shaba zilikwisha suguliwa na kupangwa dirishani ili wapita njia wazione. Zannuba hakuwa na ombi jingine kwa Mungu ila Alhamisi ile ifike salama.

Kesho yake, Alhamisi, wiki moja kabla ya harusi, Bahgat alimleta daktari wa mifugo kwa pikipiki. Zannuba naye alikwenda. Asingekwenda wangesema anajificha. Alipofika mlangoni pa zizi Hajati alinyoosha mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Hapo hapo, Mama Rawhiya. Usije mbele. Umeshamwona inatosha."

Wanawake wakaguna. Zannuba akasimama nje juani, akaangalia kupitia nafasi ya mabua.

Daktari alimpima ng'ombe joto, akasikiliza kifua, akamchoma sindano, akanawa. "Homa ya siku tatu," alisema. "Ng'ambo ya mfereji iko kila zizi. Inaletwa na wadudu wanaouma, na ninyi mmezungukwa na mashamba ya mpunga, wadudu wamejaa. Mwekeeni kivuli. Mgeuzeni ubavu, asilalie upande mmoja. Na msimtie chochote mdomoni, hata maji. Kesho atasimama mwenyewe."

"Ng'ambo ya mfereji nao wana vijicho vyao, daktari," Hajati akasema. Watu wakacheka. Daktari hakucheka, alikuwa na mazizi mengine saba ya kupitia.

Zannuba alimkimbilia mpaka kwenye pikipiki. "Mwanangu, kwa nini asipewe kitu? Sisi hapa mnyama akilala tunampa uwatu na asali nyeusi ya miwa."

"Hawezi kumeza, mama. Homa hii inalegeza koo. Huoni mate yanavyomwagika? Ukimmiminia, hakiendi tumboni, kinakwenda mapafuni. Ninaowakuta wamekufa si homa iliyowaua. Wameuliwa na wenye mifugo, kwa huruma."

"Lakini asipopewa kitu atasimama?"

"Atasimama kesho na kula kama hakuwa yeye."

Zannuba alirudi nyumbani anakaribia kuimba. Alimkuta Rawhiya anapiga pasi foronya, akamweleza yote kwa pupa: ni wadudu tu, kesho ng'ombe yuko juu, Hajati ataona haya. Rawhiya aliweka pasi pembeni. Msichana huyu alikuwa na kichwa chepesi kuliko mama yake, na mara nyingi hilo halikumletea furaha.

"Mama, wanakuja jioni kukata pindo lako. Saadiyya ameniambia."

"Waje. Nguo yenyewe kuukuu."

"Wakilichoma leo, na yeye akasimama kesho?"

Zannuba akakaa kitako chini, palepale aliposimama.

Maana kila mtu alizijua sheria za jambo hilo. Mwenye jicho hukatwa kipande cha nguo aliyoivaa, isiyofuliwa, yenye jasho lake. Kinachomwa pamoja na ubani na chumvi ya mawe, na moshi wake unapitishwa chini ya tumbo la mnyama. Mnyama akiinuka, mwenye nguo ndiye. Basi. Hakuna kadhi wa kukata rufaa kwake. Mwanamke aliyethibitishwa hivyo hafunguliwi mlango wa zizi maisha yake yote, watoto wachanga hufunikwa uso akipita, na binti yake haolewi, kwani nani anataka wajukuu wenye macho yale?

"Nitakataa," Zannuba akasema.

"Ukikataa ni wewe pia."

Walikuja kabla jua halijazama, na walikuja wengi, kwani jambo la namna hii halina raha bila watazamaji. Hajati alishika mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Hakuwa mwanamke katili kwa mazoea yake. Alikuwa mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa na mtamba mmoja tu, na aliogopa.

"Nipe pindo lako, Mama Rawhiya. Kwa heri, tusishikane."

"Hajati, tumekula chumvi pamoja miaka yote. Daktari amesema kesho atasimama mwenyewe. Ngoja kesho tu."

"Ningojee afe? Wewe unaomba nisimtibu?"

"Msikieni!" mwanamke mmoja akapiga kelele nyuma. "Anajua mwenyewe dawa iko kwenye nguo yake!"

"Hata kiwele amekilinganisha na mtungi," akasema mwingine. "Na sasa mtungi umekauka. Leo hakutoka hata tone."

Bahgat alipenya katikati yao, uso umemwiva. "Mama, tosha. Mimi Alhamisi naoa katika nyumba hii."

"Utaoa jicho uliweke kitandani?"

"Basi sikiliza, na wote sikilizeni. Choma. Kama kesho mpaka magharibi ng'ombe amesimama, mimi sitafungua mdomo. Asiposimama, Mama Rawhiya ni safi, na wewe utakuja kumbusu kichwa mbele ya watu. Sawa?"

Maskini Bahgat aliona amefanya jambo la haki. Hajati aliangalia watu, watu wakamwangalia, akasema, "Sawa. Mungu shahidi." Kisha akapiga goti, akashika pindo la jalabia ya Zannuba, akakata. Hakukata kidogo. Alikata mpaka karibu na goti, na miguu mikavu ya mjane yule ikaonekana, na wanaume waliokuwa barabarani hawakugeuza nyuso. Zannuba alishika nguo iliyobaki kwa mikono miwili. Rawhiya alivua mtandio wake akamfunga nao mama yake kiunoni.

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini na wanawake wakawa wanahangaika na vyakula majumbani, Zannuba alishuka njia ya mfereji kuelekea zizi la Hajati, lililokuwa nje kidogo ya nyumba, ukingoni mwa shamba. Katika kikapu alikuwa na chupa mbili za maji ya uwatu na asali nyeusi. Alijiambia anakwenda kuangalia tu. Alijiambia hivyo njia nzima, na chupa zikigongana.

Alitaka kumkuta hoi. Angemkuta hoi angerudi zake, kwa sababu magharibi haikuwa mbali sana. Lakini ng'ombe alikuwa ameinua shingo. Masikio aliyoyaona jana yamelegea kama matambara sasa yalikuwa yanafukuza nzi. Zannuba alimgusa sikio, halikuwaka tena. Taya zilisogea upande mmoja, zikasimama, zikasogea tena: alikuwa anajaribu kucheua. Ute tu ndio uliokuwa bado unamchuruzika. Mbele ya macho yake ng'ombe alikusanya miguu ya nyuma, akanyanyua kiuno nusu, akashindwa, akarudi chini kwa kishindo, akapumua kwa nguvu. Mara nyingine moja, au mbili, angekuwa wima. Watu watoke msikitini wamkute wima, na jivu la pindo bado liko chini yake.

Alifikiri kumfunga miguu. Kamba ingeonekana. Alifikiri kumwomba, na kweli alimwomba, kwa sauti, kama mtu mwenye wazimu: "Lala, mama. Lala mpaka magharibi tu. Nini kwako?" Ng'ombe akamnusa kiganja. Alimjua, mikono ile ilimkamua mara nyingi. Akautoa ulimi wake wenye ute, akaulamba ule mkono wenye harufu ya asali.

Zannuba aliwapenda ng'ombe kuliko alivyowapenda watu wengi, na ni lazima lisemwe, maana alichokifanya hakukifanya kwa kutojua. Alipanda juu ya shingo ya mnyama, akamshika pua kwa vidole viwili, akainua kichwa mpaka koo likanyooka, akauvuta ulimi kando, akatia mdomo wa chupa nyuma kabisa. Akamimina. Ng'ombe alikoroma. Alitoa macho, akakohoa, maji yakarudi puani yenye povu, na Zannuba akiwa analia kwa sauti alifungua chupa ya pili. Nayo akaimimina yote. Kisha akashuka, akafuta puani kwa kitambaa cha kichwa chake, akakusanya chupa zake, akaenda kuzisuuza mferejini.

Magharibi ilipofika ng'ombe alikuwa amelala, shingo imenyooka mbele, mdomo wazi, kila pumzi ikitoka na mlio wa maji. Watu walisimama wakimwangalia. Usiku ulipita. Alfajiri ya Jumamosi Hajati alimwita mchinjaji mbio, awahi kumpitishia kisu roho ikiwa bado imo, isije kuwa mzoga wa kutupwa.

Kafr Saqya ina jambo moja zuri, na tulitaje. Mnyama wa mtu akiangushwa na maradhi, kila nyumba huchukua fungu la nyama, ihitaji isihitaji, ili mwenye hasara asirudi mikono mitupu. Asubuhi ile masinia yalizunguka mlango kwa mlango. Fungu la Zannuba alilileta Hajati mwenyewe, nyama ya paja, na nyuma yake wanawake wale wale wa Alhamisi, na Bahgat. Macho ya Hajati yalikuwa yamevimba kwa kilio. Aliweka sinia chini, akamshika Zannuba mabega, akambusu kichwa.

"Nisamehe, Mama Rawhiya. Nimekuvunjia heshima bure. Pindo lako limekuwa majivu na ng'ombe wangu amekwenda. Haikuwa wewe."

Zannuba alisikia furaha na karaha, vyote pamoja, na nyuma ya Hajati akamwona Bahgat anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Aliangalia nyama iliyokuwa kwenye sinia, akaangalia pembeni. Imekwisha, alijiambia. Mungu atanihukumu mwenyewe, lakini Alhamisi itafika.

"Haikuwa wewe," Hajati akarudia, na hakuondoka. "Lakini ilikuwa jicho. Mtamba wangu ameanza kutetemeka asubuhi hii. Mguu wa mbele, halafu wa nyuma, vile vile. Nimebakiwa na huyo tu." Akajifuta pua. "Tumekaa tukahesabu upya. Jumanne zizini mlikuwa wawili."

Hakuna aliyeonekana kushangaa ila Zannuba. Wote walikwisha fikia hapo kabla ya kuja. Mkasi ulikuwa mkononi mwa Saadiyya, chini ya shela.

"Hapana," Zannuba akasema. "Hapana, hapana. Hajati, mtoto hakusema neno siku ile!"

"Ndiyo mbaya zaidi. Aliangalia, akanyamaza."

"Ni mimi! Mwacheni. Ng'ombe nimemuua mimi kwa mikono yangu. Jana watu wakiwa msikitini nilikwenda zizini nikammiminia chupa mbili. Yalimwingia mapafuni. Alikuwa anainuka, Hajati, naapa kwa kaburi la mume wangu, alikuwa anainuka, mimi nikamuua ili mseme sina jicho!"

Hajati alimkazia macho.

"Ulimmiminia nini?"

"Uwatu."

"Uwatu na asali?"

"Uwatu na asali nyeusi."

Uso wa Hajati ukalegea, akawageukia wanawake. "Mmemsikia? Nimemkata nguo, nimemwanika miguu barabarani, na yeye amenyemelea kwenda kumpa dawa ng'ombe wangu! Mimi ningempa uwatu tangu Jumatano, kama si yule daktari." Akamkumbatia Zannuba kwa nguvu. "Uwatu unaua tangu lini? Mimi nimezaa saba, kila mara nimeinuliwa kwa uwatu. Sasa mama anajitwisha mauti ya ng'ombe ili kumfunika mwanawe. Kila mama angefanya hivyo."

"Mwulizeni daktari!"

"Daktari alisema atasimama. Alisimama?"

Zannuba akamgeukia Bahgat. "Baba, wewe sema. Wewe ulisikia, alisema msimtie kitu mdomoni!"

Bahgat alikuwa anaangalia viatu vyake. Tabasamu lilikwisha mtoka. "Sharti niliweka mimi," alisema polepole. "Mbele ya watu. Lilipokusafisha wewe nililikubali. Sasa nitalikataaje?" Akarudi nyuma hatua moja, akasimama nje ya kizingiti.

Saadiyya akatoa mkasi. Zannuba alimrukia, wanawake watatu wakamshika, bila ukali, wakimbembeleza, wakimwambia tulia mama, tulia, si kosa lako. Rawhiya hakumngoja mtu apige goti. Alilishika pindo lake mwenyewe, akalivuta mbali na miguu, akalishikilia likatwe, na wakati wote huo hakumwangalia mwenye mkasi wala mchumba wake. Alimwangalia mama yake. Katika watu wote waliokuwa pale, yeye peke yake ndiye aliyeamini kuwa mama alimuua ng'ombe.

Pindo likachomwa Jumapili jioni, siku ya pili ya homa kama lile la kwanza, pamoja na ubani na chumvi. Mtamba alilala Jumapili nzima, mate yakimdondoka, na hakuna aliyemtia kitu mdomoni. Jumatatu asubuhi vigelegele vilisikika kutoka zizi la Hajati Galila mpaka ndani ya nyumba ya mjane. Mtamba alikuwa amesimama mwenyewe, amekunywa maji, na anakula.